Kifaa Gani Kinunuliwe kwa Kupima Gari kwa Kompyuta ya Nyumbani

Anayetaka kupima gari lake, yaani kusoma hitilafu zake, kwa kompyuta ya nyumbani hupata programu nyingi bure au kwa bei ndogo. Fedha huishia kwenye kifaa kinachounganisha kompyuta na gari, na hapo ndipo wengi hukosea. Soketi ya pini 16 iliyo chini ya dashibodi haithibitishi kwamba gari litajibu. Mfumo wa OBD2, yaani lugha ya pamoja ya kusoma hitilafu za magari, ulilazimishwa Marekani mwaka 1996, na Ulaya ukafuata mwaka 2001 kwa magari ya petroli, lakini Toyota nyingi za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Japani, ambazo ndizo zilizojaa Dar es Salaam na Nairobi, zina soketi hiyohiyo ilhali kompyuta ya injini inatumia lugha ya kiwandani. Mpangilio ufuatao umemzingatia kwanza mwenye gari la namna hiyo.

Nafasi ya kwanza naipa kebo ya USB iitwayo Mini VCI, inayotumika na Techstream, programu ya Toyota wenyewe. Pamoja na injini, husoma pia breki za ABS na mifuko ya hewa. Udhia wake ni usanidi: draiva zake, yaani programu ndogo zinazoitambulisha kwa kompyuta, ziliandikwa kwa Windows ya biti 32, na kwenye biti 64 huhitaji marekebisho ya mkono. Tena wauzaji wengi huiambatanisha na CD ya Techstream iliyochakachuliwa na kukuagiza uzime antivairasi, jambo ambalo mimi nisingelifanya kwenye kompyuta ninayoingilia benki. Toyota huuza usajili halali wa muda.

Ya pili ni vifaa vya chapa ya OBDLink, ambavyo ni ghali zaidi lakini mawasiliano yake hayakatikikatiki. Mwenye Ford au Mazda achague OBDLink EX na FORScan, programu ya kupima magari hayo, bila kusita, kwani kwake hii ndiyo ya kwanza.

Ya tatu ni ELM327 ya bei nafuu, kifaa kinachoitwa kwa jina la chipu yake. Chipu halisi ilibuniwa na ELM Electronics ya Kanada, iliyofunga shughuli mwaka 2022, na kampuni hiyo haikuwahi kutoa toleo 1.5 linaloandikwa kwenye maboksi mengi. Hizo ni nakala, na baadhi zimepungukiwa amri. Kwa kuzima taa ya injini kwenye gari linalofuata OBD2 inatosha, ila chukua ya USB badala ya Bluetooth.

Volkswagen, Audi na Skoda ziko nje ya mashindano haya: nunua VCDS ya Ross-Tech, programu na kebo yake kwa magari hayo.

Kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akichomeke kifaa kwenye gari lako, swichi ikiwa imewashwa, na programu isome namba za hitilafu mbele yako. Taa ya kifaa kuwaka pekee si ushahidi, kwa sababu pini ya 16 hupeleka umeme wa betri hata kama hakuna mawasiliano yoyote.