Ricoh GR III au Sony RX100 III: ipi iingie mfukoni?

Anayetafuta kamera ndogo ya kazi ya maana aanze na rula, megapikseli baadaye. RX100 III ina unene wa milimita 41, GR III milimita 33. Kwenye karatasi, milimita nane si kitu. Kwenye mfuko wa mbele wa suruali ya jinzi, moja inaingia na nyingine inaishia kubebwa mkononi, halafu siku ya tatu inaachwa nyumbani. Fujifilm X100VI inayosifiwa sana ina gramu 521. Ni kamera nzuri, ila ni ya mfuko wa koti, na Dar au Mombasa koti huvaliwa lini?

RX100 III ilitoka mwaka 2014, GR III mwaka 2019, na zote bado zinatafutwa sana mitumba. Ya Sony ina zumu ya 24 hadi 70mm (namba ndogo huona eneo pana, kubwa huvuta karibu). Ya Ricoh haina zumu kabisa: ni 28mm na basi. Anayetaka kukata picha anapewa fremu ya 35mm yenye megapikseli 15, au ya 50mm inayobaki na megapikseli 7 kati ya 24. Hiyo 7 inatosha mtandaoni na kwa chapa ndogo. Bango usijaribu.

Sensa ya Sony, yaani kipande kinachopokea mwanga wa picha, huitwa ya "inchi 1", jina lililorithiwa kutoka mirija ya kamera za zamani za televisheni. Ukiipima ni milimita 13.2 kwa 8.8. Ya Ricoh ni 23.5 kwa 15.6, yaani eneo lake ni zaidi ya mara tatu. Wauzaji wengi huishia hapo, lakini hesabu haijaisha. Lenzi ya Sony hufunguka hadi f/1.8, ya Ricoh f/2.8 (namba ikiwa ndogo, mwanga mwingi zaidi huingia), kwa hiyo kwenye 24mm Sony hurudisha sehemu kubwa ya mwanga iliyopoteza kwa udogo wa sensa. Tatizo ni kwamba f/1.8 ipo kwenye 24mm tu. Sogeza zumu kidogo inaanza kushuka, na kufika 70mm nayo iko f/2.8. Hapo ndipo chenga zinapojitokeza kwenye vivuli ukipiga jioni kwa ISO 3200 (ISO ni usikivu wa kamera kwa mwanga), wakati GR III kwa ISO hiyohiyo bado inatoa picha ya kuchapisha.

Jua la utosi nalo lina mtego wake. Kwa ISO 100 na f/2.8, mwanga wa saa sita mchana unadai shata ya kama 1/3200 ya sekunde, na GR III ikiwa f/2.8 mwisho wake ni 1/2500. Picha inaungua na kamera haina la kufanya. Dawa ni kuwasha kichujio cha ND kilichomo ndani, kinachopunguza mwanga kwa hatua mbili (kila hatua huukata nusu). RX100 III nayo ina ND yake, ya hatua tatu, na inaihitaji zaidi kwa sababu shata yake inaishia 1/2000. Mtu mweusi aliyevaa kanzu nyeupe juani ni mtihani mwingine. Kwenye GR III chagua upimaji wa mwanga unaolinda sehemu nyeupe, kanzu ibaki na mikunjo yake, kisha uso uuinue kwenye faili ya RAW, yaani picha ghafi ambayo kamera haijaichakata. Faili hiyo ni DNG, hivyo karibu programu yoyote ya picha inaifungua. Kwenye Sony utashusha mwanga kwa mkono, anza na -0.7.

Kinachoifanya GR III iwe ya kipekee ni fokasi ya papo hapo, inayoitwa Snap. Weka kamera kwenye Av (wewe unachagua f, kamera inachagua shata), f/8, umbali wa Snap mita 2.5, ISO ya kujipanga yenyewe isiyozidi 3200, na shata isishuke chini ya 1/250. Washa Full Press Snap. Ukibonyeza kitufe hadi chini kwa mkupuo, kamera haitafuti fokasi, inapiga. Kwa mpangilio huo kila kilichopo kuanzia kama mita 1.15 na kuendelea kinatoka kikali vya kutosha. Hifadhi yote kwenye U1, nafasi ya kutunzia mipangilio yako, ili usirudie menyu. Wanaolalamika kwamba fokasi ya GR III inasuasua gizani wanasema kweli, lakini wengi wao hawajawahi kuigusa Snap. Kwenye Sony unaweza kuweka fokasi ya mkono, ila ukizima kamera lenzi inarudi ndani, na ukiwasha itabidi uhakikishe upya imesimama wapi.

Sony ina yake ya kujivunia. Kidirisha cha kuchungulia huchomoza juu ya kona, nacho ni mkombozi juani, kwani skrini ya nyuma ya GR III haiinuki na mchana hugeuka kioo cha kujitazamia. Kumbuka tu kukivuta nyuma baada ya kuchomoza, la sivyo utaona ukungu mtupu. Flashi yake ndogo unaweza kuilaza nyuma kwa kidole ipige dari, na ukumbi wa harusi ukiwa na dari nyeupe ya chini, sura za watu hulainika. GR III haina flashi ndani. Kwa sherehe, chukua Sony bila kusita. Kwa mtaa, safari na majengo tunachagua Ricoh, pamoja na kero zake.

Kero ya kwanza ni betri: takriban picha 200 kwa chaji moja, dhidi ya 320 za Sony. Nunua mbili. Ya pili ni vumbi. Lenzi inayotoka na kuingia hufanya kazi kama pampu, na kamera hizi zote mbili hazijazibwa dhidi ya vumbi wala maji. Kwenye GR III punje ikifika kwenye sensa huonekana kama doa la kijivu angani, hasa ukifunga lenzi kuanzia f/11. Kwenye menyu kuna amri ya kutikisa sensa, nayo huangusha punje nyepesi. Iliyoganda inataka fundi afungue kamera. Kwa hiyo isikae mfukoni pamoja na chenji na makombo ya mkate, na usiiwashe huku upepo unapeperusha mchanga wa ufukweni.

Ya mtumba ijaribu kabla hujatoa pesa. Weka f/16 kwenye GR III (f/11 kwenye Sony), piga ukuta mweupe huku fokasi ikiwa mbali, kisha kuza picha utafute madoa. Washa na zima mara kumi ukisikiliza lenzi: mkwaruzo, kusitasita, au ujumbe wa kukutaka uzime na kuwasha tena ni dalili ya lenzi inayoelekea kufa, na matengenezo yake huweza kukaribia bei ya kamera yenyewe. Zungusha gurudumu la nyuma la GR III taratibu. Likiruka hatua au kurudi nyuma lenyewe, limechoka. Mulika lenzi kwa tochi ya simu utafute nyuzinyuzi za ukungu, ugonjwa wa kamera zilizokaa pwani kabatini. Na kama Sony hiyo imetoka Japani, fungua menyu ungali kaunta: zilizouzwa kwa soko la huko huwa na Kijapani peke yake, na hakuna mahali pa kubadilisha.