Uchambuzi wa Let's Scare Jessica to Death (1971): Vaa Hedifoni Kwanza

Ndugu watazamaji, karibuni tena. Filamu iliyo mezani leo ni Let's Scare Jessica to Death (yaani, Tumtishe Jessica Mpaka Afe) ya mwaka 1971, iliyoongozwa na John Hancock, na nitasema mapema kwamba nimeichagua kwa sababu nimechoshwa na namna inavyohukumiwa. Kila inapotajwa, watu hugawanyika: wapo wanaoiita kito kilichosahauliwa, na wapo wanaodai kwamba ni dakika 89 za mwanamke anayezungukazunguka shambani akihema kwa hofu. Kisha pande zote mbili hukutana katika ubishi uleule, kama Jessica ni mgonjwa wa akili anayeona yasiyokuwapo au kama kweli ziwani mna mnyonya damu. Ubishi huo una raha yake, nami nitauingia baadaye, lakini umewafanya watu wengi waipite sehemu iliyo bora kuliko zote katika filamu hii, nayo ni sauti.

Hadithi sitaisimulia yote, kwa kuwa wengi wenu mmekwisha kuisoma mahali fulani. Jessica ametoka hospitali ya magonjwa ya akili. Mume wake, Duncan, ameacha kazi ya kupiga besi katika okestra ya New York Philharmonic ili wakaanze maisha mapya kwenye shamba la matufaa huko Connecticut, na rafiki yao Woody amefuatana nao. Gari wanalosafiria ni gari jeusi la kubebea maiti lililoandikwa neno la upendo ubavuni. Wakifika wanamkuta Emily, msichana mgeni anayeishi katika nyumba hiyo bila idhini ya mtu yeyote, na badala ya kumfukuza wanamkaribisha abaki. Nawatahadharisha kwamba nitagusia mwisho wa filamu, kwa hiyo asiyetaka kuujua aitazame kwanza kisha arudi.

Sasa naomba mvae hedifoni, kwa maana ninachotaka kuwaonyesha hakisikiki vizuri kwenye spika ndogo ya simu. Tazameni tukio la makaburini, mwanzoni kabisa mwa safari. Jessica anashuka garini mbio, amefurahi kama mtoto, anaweka karatasi juu ya jiwe la kaburi na kuanza kuisugua ili maandishi yachapike. Ni tendo la kawaida kabisa. Anainua macho, anamwona msichana mwenye nguo nyeupe amesimama mbali kidogo kati ya mawe, anageuka, na akitazama tena msichana hayupo. Mwongozaji mwingine angepiga ngoma kubwa hapo ili watazamaji warukeruke vitini. Hancock hafanyi hivyo. Anatuacha na uso wa Jessica, na chini ya uso ule tunasikia sauti yake mwenyewe, ya chini, karibu sana na sikio, ikimwambia asiwaambie wenzake na ajitahidi kuonekana wa kawaida. Kisha anarudi garini akitabasamu.

Nairudisha nyuma sekunde chache, na safari hii msitazame picha kabisa, sikilizeni tu. Upepo unavuma, na katikati ya upepo sauti ya mawazo yake inaingia ikiwa kavu, bila mwangwi wowote, kana kwamba msemaji amekaa nyuma yenu. Baadaye katika filamu zinaongezeka sauti nyingine ambazo si zake, zinazomwita jina lake kwa mnong'ono, na kadiri muda unavyokwenda inakuwa vigumu kutenganisha mnong'ono anaojinong'oneza mwenyewe na ule unaotoka nje yake. Filamu haitupi alama yoyote ya kutofautisha. Sauti ya filamu hii ni ya mono, mkondo mmoja tu, na ufinyu huo umeisaidia, kwa sababu upepo, maji, mnong'ono na mazungumzo ya mezani vyote vinatoka mahali pamoja, na sikio la mtazamaji linashindwa kuvipanga kama vile Jessica anavyoshindwa.

Muziki nao umefanya kazi hiyohiyo. Orville Stoeber alitunga muziki wa piano na gitaa, mtulivu na wenye huzuni, na Walter Sear akaongeza sauti za kielektroniki kutoka kwenye sintesaiza, ambayo katika miaka ile ilikuwa bado ngeni masikioni mwa watu wengi. Gitaa linakutuliza, sintesaiza inapita chini yake kama mtetemo wa mashine iliyo chumba cha pili, na kabla hujajua ni kitu gani kimekubughudhi tukio limekwisha. Wanaosema kwamba filamu hii haitishi, nawaomba kwa dhati kabisa wairudie usiku mmoja wakiwa na hedifoni, kisha ndipo watoe hukumu.

Na hapa ndipo ninapotofautiana na wachambuzi wengi wa video wanaoitaja filamu hii kwa dakika mbili ndani ya orodha ndefu za filamu za kutisha. Wao huitambulisha kama filamu ya mnyonya damu. Mnyonya damu yumo, sikatai: kuna kisa cha Abigail Bishop, bibi harusi aliyezama ziwani mwaka 1880 na mwili wake haukupatikana, na kuna picha ya zamani yenye fremu ya fedha inayoonyesha mwanamke anayefanana mno na Emily. Lakini kinachomtisha Jessica kuliko vyote ni kutoaminiwa. Angalieni wanapoingia nyumbani kwa mara ya kwanza. Jessica anaona kivuli cha mtu humo ndani na ananyamaza, anaumeza woga wake, mpaka anapogundua kwamba wenzake nao wamemwona mtu huyo. Furaha inayomjaa usoni wakati ule inauma kuitazama. Kuna mtu asiyejulikana ndani ya nyumba yao, naye anacheka kwa sababu amehakikishiwa kwamba yeye si mwendawazimu.

Zohra Lampert, anayeigiza Jessica, ndiye anayeibeba filamu nzima, na naona haya kwa niaba ya fani hii kwamba jina lake halitajwi mara nyingi zaidi. Mwaka 1975 alipata tuzo ya Emmy kwa kuigiza katika tamthilia ya televisheni ya Kojak, kwa hiyo kipaji chake hakikufichika kabisa, lakini kazi yake kubwa ni hii. Ana tabasamu linalochelewa. Duncan anamuuliza kama yuko salama, na kabla tabasamu halijafika kuna nafasi ndogo ambamo unaona hesabu zikipigwa: niseme, nisiseme, nikisema nitarudishwa hospitali. Kila mtu aliyewahi kuugua ugonjwa usioonekana kwa nje, kisha akazungukwa na watu wanaompenda na kumchunguza kwa wakati mmoja, ataitambua nafasi ile. Duncan si mtu mbaya. Amechoka, na uchovu wake unamdhuru Jessica zaidi kuliko ukali ambao angeweza kumwonyesha.

Watazamaji wengi huilinganisha na Repulsion ya Roman Polanski ya mwaka 1965, na wengine na Images ya Robert Altman ya mwaka 1972, ambayo ilimpatia Susannah York tuzo ya mwigizaji bora wa kike katika tamasha la Cannes. Hizo ni filamu zilizotengenezwa kwa ustadi mkubwa zaidi wa picha, nakubali bila shida. Hata hivyo zote mbili humtazama mwanamke wao kwa mbali kidogo, kama daktari anayeandika maelezo, ilhali Hancock amekaa upande wa Jessica tangu mwanzo hadi mwisho. Images ndiyo filamu itakayofuata katika chaneli hii, kwa kuwa nimeamua kuendelea na mfululizo wa filamu za kisaikolojia za miaka ya sabini, na itakuwa video ndefu kuliko kawaida.

Turudi kwenye lawama. Lawama ya kwanza ni kwamba filamu inakwenda polepole, na hiyo siipingi, bali nasema polepole ile ina kazi. Sehemu kubwa ya matukio hutokea mchana, kwenye mwanga wa jua la vuli na ukungu wa asubuhi, jambo ambalo filamu za kutisha hulikwepa. Mpiga picha Robert Baldwin hakuwa na fedha za kujenga giza la kupendeza, kwa maana bajeti hutajwa kuwa karibu dola 250,000 tu, kwa hiyo akatumia kilichokuwapo: ziwa, nyumba kuukuu, kivuko cha Chester–Hadlyme ambacho hadi leo huvusha magari katika Mto Connecticut, na miti iliyoanza kupukutisha majani. Tazameni tukio la Emily akitoka majini. Anainuka taratibu, mwanga ukiwa wa mchana, amevaa gauni la harusi la kale lililolowa chapachapa, na hakuna hata hila moja ya kamera. Ukiliharakisha tukio lile unaliua.

Lawama ya pili ina haki zaidi. Hadithi ina mashimo. Wazee wa mjini wenye bandeji na makovu hawaelezwi vya kutosha, tukio la kuita roho baada ya chakula cha usiku linaanzishwa kisha linaachwa hewani, na msichana bubu, ambaye Gretchen Corbett alimwigiza kwa macho tu, alistahili kupewa nafasi kubwa kuliko aliyopewa. Nadhani sehemu ya tatizo imetokana na chimbuko la mswada wenyewe. Lee Kalcheim aliuandika kwanza kama kichekesho cha dhihaka kuhusu mahipi, vijana wa enzi ile walioasi desturi za jamii, ndipo Hancock akaufumua na kuugeuza kuwa filamu ya hofu ya kweli, na hatimaye wote wawili wakatumia majina ya bandia katika orodha ya watengenezaji. Mshono kati ya mswada wa kwanza na wa pili unaonekana katika sehemu kadhaa.

Lawama ya tatu ni jina la filamu, nami naungana kabisa na wanaolilalamikia. Linamfanya mtazamaji angojee njama, ajiulize ni nani kati ya Duncan, Woody na Emily anayepanga kumtisha Jessica, na akifika mwisho bila njama yoyote kufichuliwa anahisi ametapeliwa. Filamu nyororo namna hii ilistahili jina linaloongoza macho mahali pengine.

Sasa ule ubishi. Kama ni ugonjwa au ni mnyonya damu, nilianza kwa kusema kwamba ubishi huo umewafanya wengi waipite sauti, lakini kuna ushahidi unaofaa kupimwa. Kuna tukio ambalo Woody yuko bustanini kwenye trekta akinyunyizia miti dawa ya kuua wadudu, Emily anamfuata na kumwuma, na Jessica hayuko mahali pale. Wanaosema kwamba mnyonya damu ni wa kweli hulishika tukio hilo kama hati ya mahakama. Upande wa pili hujibu kwamba filamu yote ni kumbukumbu ya Jessica, kwa maana inafunguka na kufungwa akiwa peke yake ndani ya mashua, akikiri kwamba hawezi kutenganisha wazimu na akili timamu, na mtu anaweza kabisa kujenga kichwani tukio ambalo hakulishuhudia. Mimi naelemea upande wa kwanza kidogo, na kinachonielemeza ni ile sumu ya miti. Inanyunyiziwa mchana kweupe, mbele ya kila mtu, watu wanaivuta puani na kula matufaa ya bustani ileile, na hakuna anayeshtuka. Katika filamu ambayo hatari iliyo wazi namna hiyo haimshughulishi mtu, naona ni rahisi kuamini kwamba hata ile ya ziwani ilikuwapo muda wote na kwamba Jessica pekee ndiye aliyekuwa macho. Ndiyo maana kile kipigo ambacho Jessica anampiga Duncan mwishoni, Duncan anapong'ang'ania mashua kwa mkono, siwezi kukiita kosa la mgonjwa. Jessica alikwisha kuliona kovu shingoni mwa Duncan.

Kuhusu kuinunua: nakala ninayopendekeza ni diski ya Blu-ray iliyotolewa Marekani na kampuni ya Scream Factory mwaka 2020. Picha imesafishwa vizuri bila kuondolewa chembechembe zake za filamu, na minong'ono inasikika kwa uwazi ambao sikuupata katika nakala niliyoitazama kwa njia ya mtandao, ambamo mgandamizo wa sauti ulikuwa umeifuta sauti ya chini kabisa ya Jessica na kuacha upepo mtupu. Ndani yake mna pia maelezo ya Hancock akiwa na mtayarishaji Bill Badalato, na mahojiano na Stoeber kuhusu muziki. Bei yake ni kubwa kuliko kukodi, na kwa mtu anayetaka tu kujua kisa kinakwendaje, kukodi kunatosha. Anayetaka kuisikia filamu hii ilivyokusudiwa anunue diski, azime taa, na asiifungue mpaka hedifoni ziwe masikioni.