Fundi wa santuri Mtwara mjini, kama una nyimbo za Noeli za zamani mpelekee huyu

Wadau habari zenu, hii naandika kwa ajili ya wenzangu wenye maboksi ya santuri chini ya kitanda, hasa zile za Noeli ambazo hata YouTube hazipo, unatafuta mpaka bando linaisha. Kila Desemba tunapigiwa Jim Reeves na Boney M, na mi sina ugomvi nao kabisa, ile ya Jim Reeves ya 1963 na ile ya Boney M ya 1981 nazijua mstari kwa mstari, lakini kuna muziki mwingine wa Noeli uliochapwa kidogo, ukauzwa kidogo, alafu ukabaki kwenye makabati ya parokia na nyumba za makatekista, na huo santuri ikivunjika ndo basi tena. Sasa hapa Mtwara tunaye fundi anayeuhamisha kutoka kwenye santuri kwenda kwenye fleshi, nimemaliza naye kazi juzi na nimeridhika, ila kuna mapungufu nayo nitayasema.

Yuko jirani na soko kuu, kibanda cha kutengeneza redio na sabufa, bango hana, we uliza mzee wa santuri bodaboda watakufikisha. Ni mtu mzima wa Mikindani, Muislamu, ukifika adhuhuri utakuta kafunga kaenda kuswali, kaa kwenye benchi umsubiri.

Boksi nililompelekea ni la marehemu baba, alikuwa katekista upande wa Ndanda, pale kwa Wabenedikto waliofungua misheni 1906, kwa hiyo mle ndani kulikuwa na santuri kubwa za Kijerumani za Noeli, santuri moja ya Kimarekani, kuna zile nzito za zamani za mizunguko 78 kwa dakika, na kisanturi kimoja kidogo cha inchi 7 cha kwaya ya Kiswahili ambacho ndo hasa kilinipeleka. Mzee hakukimbilia kuweka kwenye mashine. Alitoa moja moja, akaiinamisha juani kwa ubavu akaangalia ukungu, maana pwani hii joto na unyevu vinakula kila kitu, alafu zile nzito akazitenga pembeni akaniambia, "Mwanangu, hizi chukua, sindano yangu nyembamba, nitakuharibia." Na ni kweli, mfereji wa santuri ya 78 ni mpana, unataka sindano nene karibu mara tatu ya hii ya eleppii, yaani zile santuri kubwa za plastiki, ukilazimisha inacheza chini ya mfereji inaokota uchafu tu. Akaniongezea kwamba hizo nisizifute na spiriti hata siku moja kwa sababu zimetengenezwa kwa lakri, spiriti inaiyeyusha. Fundi anayekataa hela kwa sababu anajua mwisho wa vifaa vyake, huyo namwamini.

Hizi za plastiki anaziosha kwa maji ya betri yale yasiyo na asidi na tone la sabuni, anafuta kwa kitambaa laini kufuata mzunguko, anaziacha zikauke zimesimama. Mashine yake ya kupigia santuri inazungushwa na mkanda wa mpira, na sauti inapita kwenye priampu ya santuri, kile kifaa cha kukuza na kusawazisha sauti, kabla ya kuingia kwenye kompyuta, na hapo ndo wengi wanapokosea, wanachomeka mashine moja kwa moja kwenye tundu la maiki alafu wanalalamika sauti nyembamba haina besi. Santuri ilivyochongwa besi inapunguzwa kwa makusudi na sauti za juu zinaongezwa, ndo maana lazima kuwe na hiyo priampu ya kurudisha kinyume chake. Anarekodi kwa Audacity, programu ya kompyuta ya kurekodi sauti, upande mzima bila kukata, anakaa hapohapo na hedifoni mpaka upande uishe.

Sasa nije kwenye kwaya, maana hapa ndo penyewe. Hiki kisanturi nilishawahi kukipeleka studio moja Dar, wakanirudishia faili safi kabisa haina hata mkwaruzo, lakini wimbo ulikuwa umekufa, kama watu wanaimba ndani ya kisima. Nikadhani ndo ilivyorekodiwa. Mzee aliposikiliza lile faili la Dar na kuiweka santuri yenyewe akaniita nisogee, akasema sikiliza huku kulia. Kayamba! Wimbo wote una kayamba, kuanzia ubeti wa kwanza mpaka mwisho, na kwenye faili la Dar haipo kabisa, kwa sababu ile programu ya kuondoa kelele inaona chakachaka ya kayamba na ule mvumo wa santuri ni kitu kimoja, inafuta vyote. Yeye hagusi mvumo, anaondoa ile mikwaruzo mikubwa tu, mmoja mmoja kwa mkono, anavuta wimbi linakuwa kubwa kwenye skrini anaona pale kilipo kijino anakisawazisha. Kazi ya macho hiyo na inachukua muda. Matokeo yake sasa nasikia ngoma, nasikia kayamba, na mwanzo wa upande B kuna mwalimu wa kwaya anatoa sauti, do mi so, taratibu, mtu anakohoa, ndo wanaingia. Wale wa Dar walikata ile sehemu wakaona ni uchafu. Mi naona ndo roho ya santuri nzima, na kwa sisi Wakatoliki kuna jambo kubwa pale, kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, 1962 mpaka 1965, misa ilikuwa Kilatini, sasa kusikia Noeli ya Kiswahili na ngoma na kayamba kanisani unasikia watu wanaofurahia kitu kipya.

Za Kijerumani zimetoka safi, iko moja wanaimba Usiku Mtakatifu kwa gitaa, na ndo ulivyoimbwa mara ya kwanza kule Oberndorf, Austria, mkesha wa Noeli 1818, sisi tumezoea kinanda. Ile ya Kimarekani ni ya Goodyear, ndio, hao hao wa matairi, kuanzia 1961 walikuwa wanatoa santuri ya Noeli kila mwaka wanauza dola moja kwenye maduka yao ya matairi, baba alipewa na mwalimu wa Kimarekani aliyekuwa anarudi kwao. Kule kwao zipo nyingi na wakusanyaji wanazipenda sana.

Mapungufu. Hapigi picha za kava, na kava ni nusu ya habari, maelezo yote ya nyuma yako pale, kwa hiyo pigeni wenyewe mchana kweupe kabla hamjamwachia. Majina ya faili anaandika namba tu, upande A upande B, kazi ya kukata wimbo mmoja mmoja na kuandika majina ni yako. Risiti hakuna, anaandika kwenye daftari. Na hana haraka, umeme ukikatika katikati anaanza upande upya, anakataa kuunga, nyie wa haraka mtachukia.

Bei mi nilimlipa elfu tano kwa eleppii na elfu tatu kwa ile ndogo, pamoja na kuosha, kwa kazi ile ni ndogo mno nikamwongezea. Nendeni na fleshi kubwa, faili lake ambalo halijabanwa linakula kama MB 10 kwa dakika, upande mmoja wa dakika ishirini tayari ni MB 200. Hilo litunzeni, mp3 ndo ya kugawia. Na mkituma WhatsApp tumeni kama dokumenti lifike lilivyo. Ile ya kwaya niliwauliza parokia kwanza wakafurahi, nikairusha kwenye kundi letu, mama mmoja wa Masasi akajibu kwa voisi analia kwamba sauti ya pili ni dada yake. Goodyear sijarusha, ile ina wenyewe.

Muda wa kwenda, wahini kabla ya Oktoba. Minada ya korosho ikianza hela zinaingia, watu wananunua masabufa na kuyaunguza, mzee anazidiwa, ukipeleka Majilio utasikiliza nyimbo zako Pasaka.

Nampa nne na nusu kwa tano, hiyo nusu ni ya majina ya faili.

Alafu ombi, ile ndogo ya kwaya lebo yake imechanika, ni ya buluu, jina la kwaya halisomeki na upande A unaruka ubeti wa tatu. Mwenye nakala nyingine, awe Newala, Nyangao, Lindi, popote, anitafute, nauli ya kuileta kwa mzee nalipa mimi.