Kilengeo cha nukta nyekundu: kipi kinastahili pesa yako

Ingia duka la bunduki Houston au Dallas uulizie kilengeo cha nukta nyekundu. Muuzaji atakuwekea mezani rundo la vidude vinavyofanana, bei ikianzia chini ya dola 100 na kupanda hadi dola 800 na ushei. Vyote vina kioo na vyote vinawaka nukta. Makala hii ni ya ndugu zetu walioko Marekani, wenye bunduki halali za kuwindia au za mazoezi uwanjani, wanaotaka kujua hiyo tofauti ya bei inakwenda wapi. Nimevipanga kwa namna ambayo ningenunua mimi, na chapa sikuiweka mbele. Nilianza na jicho, nikaja kwenye betri, jina likafuata.

Kwanza, kinavyofanya kazi. Ndani mna taa ndogo ya LED inayopiga mwanga kwenye lenzi iliyopakwa tabaka la kurudisha rangi nyekundu tu, rangi nyingine zikapita. Jicho linaiona nukta kana kwamba inaelea kule kwenye shabaha. Kwa hiyo ule usumbufu wa kupanga kilengeo cha nyuma, cha mbele na shabaha kwenye mstari mmoja unaisha: unafungua macho yote mawili, unaweka nukta mahali pake, unafyatua. Lakini hakikuzi kitu. Anayepiga mita 300 anunue darubini ya bunduki, asijidanganye na nukta.

Mahali pake hasa ni umbali mfupi, mita 100 na kitu kushuka chini, pale mnyama anapotokea ghafla na kuondoka ghafla. Nguruwe mwitu wa Texas ndio mfano mzuri. Wanatoka vichakani alfajiri au jioni, kundi zima, na hawasimami kukungoja. Tangu 2019 jimbo hilo halidai leseni kwa kuwawinda kwenye ardhi ya mtu binafsi, mradi mwenye ardhi amekuruhusu. (Nyama utampa jirani. Wengi wetu hatuili, na mwenye shamba naye shida yake ni mazao yake tu.)

Sasa jicho. Watu wengi hununua, wakafika nyumbani, wakaona nukta imechanua kama nyota au ina mkia wa koma, wakarudisha mali dukani wakisema ni mbovu. Mara nyingi kilengeo hakina kosa, jicho ndilo lenye astigimatizimu, yaani kasoro ya umbo la jicho inayofanya mwanga usitulie kwenye nukta moja. Jaribu hivi ukiwa bado dukani: washa nukta, punguza mwanga mpaka iwe hafifu, itazame ukiwa na miwani yako kama unavaa. Kisha weka kamera ya simu nyuma ya kioo upige picha. Picha ikionyesha nukta ya duara huku jicho lako likiona nyota, basi usitumie dola 500 ukitarajia bei itakutibu. Kuna dawa yako huko chini, nafasi ya nne.

Ukubwa wa nukta hupimwa kwa moa (MOA), kipimo kidogo cha pembe. Moa 1 ni karibu sentimita 2.9 kwenye mita 100, kwa hiyo nukta ya moa 2 inafunika kama sentimita 6 kwa umbali huo. Kwa bunduki ndefu chukua moa 2, mjadala uishe.

Nafasi ya kwanza naipa Sig Sauer Romeo5. Aimpoint, iliyo ya pili hapa chini, inaizidi kwa uimara, sibishi, ila kwa mtu wa kawaida Romeo5 inatosha kabisa na pesa inabaki ya risasi za mazoezi, ambazo ndizo zitakazokufundisha kupiga. Kwa kawaida inapatikana chini ya dola 200. Nukta yake ni moa 2, taa yake imefungiwa ndani kwa vioo mbele na nyuma, na toleo lililozoeleka linatumia betri ya CR2032, ile ya duara bapa inayouzwa hata kwenye duka la dawa. Kampuni inataja saa 40,000 za betri kwenye mwanga wa kati. Ukiiacha imetulia inajizima, ukiigusa inawaka na mwanga uleule uliouacha. Boksini mna vikalio viwili vya kufungia kilengeo kwenye bunduki, cha chini na cha juu, hivyo hununui kingine ukiwa na bunduki ya aina ya AR-15.

Ya pili ni Aimpoint PRO, kati ya dola 400 na 500. Aimpoint ni Waswidi wa Malmö, na hao ndio walioleta kilengeo cha namna hii sokoni kwa taa ya umeme mwaka 1975. Jeshi la Marekani lilikuja kuchukua kilengeo chao kwa bunduki za askari wake. PRO unaiwasha leo na kuiacha ikiwaka, betri inakwenda saa 30,000, yaani zaidi ya miaka mitatu mfululizo, wala haijizimi yenyewe. Ni nzito na ndefu kuliko Romeo5. Betri yake ya 1/3N haipo kila duka, kwa hiyo weka ya akiba kwenye kitako cha bunduki. Ikiwa bunduki yako ni ya ulinzi wa nyumba au ya kazi ya ulinzi, panda kutoka Romeo5 hadi hapa. Kupanda tena hadi Micro T-2 ya kampuni hiyohiyo kwa dola 800 hivi ni kununua wepesi. Ni nzuri mno, sikatai, ila nguruwe hatajua tofauti.

Ya tatu, Holosun 510C, karibu dola 300. Dirisha lake ni kubwa, nukta unaipata haraka hata ukiwa umekaa vibaya, na unaweza kuchagua nukta peke yake au nukta ndani ya duara la moa 65. Juu kuna paneli ndogo ya sola inayosaidia betri. Kilichoishusha kwangu ni kwamba taa yake iko wazi. Tone la mvua, umande au kipande cha jani kikitua mbele ya taa, nukta inavurugika au inatoweka, na kwenye vichaka vya alfajiri hayo hutokea. Uwanjani penye paa ningeipandisha iwe ya pili.

Ya nne ni Primary Arms SLx MicroPrism isiyokuza, ya kampuni ya Houston hapohapo. Hii kwa haki si kilengeo cha nukta, ni prizimu yenye alama iliyochongwa kwenye kioo. Mwenye astigimatizimu asome nafasi hii kama ya kwanza, maana alama haichanui, unazungusha kioo cha upande wa jicho hadi ikae sawa, na betri ikifa alama inabaki ikionekana nyeusi. Gharama yake ni kwamba kichwa lazima kikae mahali pake, huna uhuru wa kutazama kutoka pembeni.

EOTech nimeiweka ya tano na najua nitapingwa. Ni kilengeo cha holografia kinachotumia leza, duara la moa 68 na nukta ya moa 1 katikati, na kwa kasi ya karibu hakuna kinachokishinda. Lakini betri inahesabiwa kwa saa 1,000 hivi, na bei ya zile za modeli ya EXPS inapita dola 600. Mwaka 2015 kampuni mama ya wakati huo, L-3, ilikubali kuilipa serikali ya Marekani dola milioni 25.6 kwa sababu vilengeo vilikuwa vinahamisha shabaha katika baridi kali na joto kali na taarifa haikutolewa mapema. Miaka imepita, lakini kwa kiasi hicho cha pesa nadai betri ya miaka.

Chini kabisa Bushnell TRS-25, chini ya dola 100. Nukta ya moa 3, swichi ya kuzungusha, haijizimi. Ukisahau, utakuta betri imekufa. Kwa bunduki ya .22, yenye risasi ndogo, ya kumfundishia kijana, sawa. Vile visivyo na jina vya dola 30 mtandaoni siviweki kwenye orodha, maana mshtuko wa risasi huhamisha nukta ukaanza kujilaumu wewe.

Kisheria kilengeo chenyewe si silaha, unakinunua bila ukaguzi. Bunduki ni jambo jingine: aliyeko kwa viza ya masomo au matembezi hazuiwi tu kununua bali hata kuishika, isipokuwa kwa masharti machache kama kuwa na leseni halali ya uwindaji. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu hayumo katika katazo hilo. Majimbo nayo yana yao. Colorado, kwa mfano, haitaki kilengeo chochote cha betri katika msimu wa bunduki za kushindilia baruti. Na tafadhali usikitie kwenye boksi la nguo linalokwenda kwa binamu Arusha, hata kama ana leseni zake zote. Vilengeo vya bunduki vimo katika bidhaa ambazo Marekani inadai kibali kuzipeleka nchi nyingi, na forodha ya upande wa pili nayo ina maswali yake.

Ukishanunua, futa mafuta kwenye reli ya juu ya bunduki, kaza skrubu kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kijitabu, kisha chora mstari wa rangi unaopita kwenye skrubu na kikalio ili ikilegea uione. Seti nukta ilingane na risasi inapotua kwenye yadi 50, ukiegemeza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, risasi tatu kwa kila marekebisho. Kwa Romeo5 na PRO mlio mmoja wa skrubu ya kurekebishia nukta ni nusu moa, yaani karibu robo inchi kwa umbali huo. AR-15 ya .223 iliyosetiwa hivyo hupiga tena karibu palepale kwenye yadi 200, na katikati yake risasi inakuwa juu kidogo tu.