Miaka mitatu ya shahada ya TEHAMA: uzoefu wangu

Nilimaliza shahada ya kwanza ya TEHAMA mwaka jana, na tangu hapo naulizwa swali lilelile: kozi hii inafaa? Mimi nasema inafaa, ila vilivyonifaa zaidi ni vile nilivyokuwa nikivilalamikia darasani.

Nianze na jina, maana ndilo linalowapoteza wengi. Ukishasema unasoma TEHAMA, mjomba anakuletea printa. "Wewe si mtu wa kompyuta?" Printa sikuwahi kufundishwa hata siku moja. Tulichosoma ni mchanganyiko: kuandika programu, mitandao, hifadhidata, mifumo endeshi, usalama, hesabu kiasi, na somo la menejimenti nililolipita nikisinzia. Wenzetu wa sayansi ya kompyuta walichimba algoriti na hesabu kutuzidi. Sisi tuligusa kila kitu, kimoja baada ya kingine, na kuna muhula nilihisi sijui chochote kwa undani.

Mwaka wa kwanza ulinitesa. Tulianza na C, lugha ya kuandikia programu, na mtihani tukaufanya kwa kalamu. Kwenye kompyuta ukisahau nukta-mkato unaambiwa tatizo liko mstari wa ngapi. Karatasi inakaa kimya, kosa unakuja kuliona kwenye alama. Waliokariri programu nzima kama shairi walitupita sisi tuliozoea kujaribu, kukosea na kurekebisha. Hilo mpaka leo sijalisamehe.

Mitandao ndiyo niliyoichukia kuliko yote, kwa sababu ya kugawa anwani kwa mkono. Unapewa anwani ya kifaa, 192.168.10.77/26, unaulizwa iko mtandao gani. Hiyo /26 inakuambia kila mtandao una anwani 64. Unapiga hatua za 64: 0, 64, 128, 192. Hiyo 77 inaangukia kati ya 64 na 127. Ya 64 ni ya mtandao wenyewe, ya 127 ni ya kutangazia wote, zinabaki 62 za kugawia vifaa. Tulifanya maswali ya namna hiyo mpaka nikawa nayaota, nami nanung'unika: vikokotoo vimejaa mtandaoni, haya yote ya nini? Baadaye kwenye mafunzo kwa vitendo nikapelekwa kwenye kompyuta mbili zilizochomekwa swichi moja (kifaa kinachounganisha kompyuta kwa kebo) lakini hazionani. Moja inaishia na 60, nyingine 70, zote ni /26. Nilijua shida kabla sijagusa kibodi: 60 iko mtandao wa 0 hadi 63, 70 iko wa 64 hadi 127. Mwenzangu alikuwa ameshabadilisha kebo mara mbili.

Nikitaja kebo nakumbuka maabara. Tulifundishwa kubana RJ45, kile kichwa cha kebo ya mtandao, kwa mpangilio wa rangi za nyaya uitwao T568B: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Nikajiona mjanja. Mbona kijani imetenganishwa na mwenziwe? Nikazipanga jozi kwa jozi, pande zote mbili sawa. Kipimaji kikawaka taa zote nane kwa mfuatano, nikatamba. Kebo ilipowekwa kazini, kwenye umbali mrefu, mtandao ukawa unakatika na data inapotea. Fundi wa maabara akaishika, akatazama rangi tu, akaikata kichwa. Akanieleza kwamba pini ya 3 na ya 6 zinafanya kazi pamoja, kwa hiyo lazima zitumie nyaya mbili zilizosokotwa pamoja, la sivyo mawimbi ya jozi moja yanaingilia jozi nyingine. Kipimaji kile kilikuwa kinaangalia tu kama waya umefika upande wa pili. Somo hilo la dakika kumi lilinikaa kuliko slaidi za muhula mzima, na ndiyo maana nasema ukichagua chuo, kague maabara kwanza kabla ya kusoma orodha ya masomo.

Nadharia ya hifadhidata nilidhani imepitwa na wakati, maana modeli ya majedwali ya Edgar Codd, mtafiti wa IBM, ni ya 1970. Haijapitwa. Kila mfumo niliogusa tangu nihitimu una majedwali, na ulio mbovu huwa una jina la mteja limeandikwa sehemu tano.

Udhaifu mkubwa ni upande wa ufundi wa kila siku. Git, programu ya kutunza kila toleo la kazi yako, ipo tangu 2005, lakini sikuisikia darasani hata mara moja. Mradi wangu wa mwisho ulikuwa ndani ya kompyuta mpakato moja, na nakala kwenye flashi yenye faili la "mradi_mwisho_kabisa2". Siku nne kabla ya kuwasilisha, diski ikafa. Nakala ilikuwa ya wiki tatu nyuma. Nililala saa chache sana siku hizo, na nilichowasilisha kilikuwa nusu ya nilichokuwa nimejenga. Miradi ya vikundi nayo ni ileile: watu watano kwenye jalada, anayeandika mmoja.

Unayeanza mwaka huu, Git jifunze mwenyewe wiki ya kwanza, usingoje mtu akufundishe. Tafuta mashine yenye RAM ya gigabaiti 8 au zaidi, uweke mfumo endeshi wa Linux ndani ya VirtualBox (programu inayoigiza kompyuta ndani ya kompyuta yako), kisha uiharibu kwa makusudi na uitengeneze upya. Mimi yangu niliiharibu kwa kufuta ruhusa za mafaili ya mfumo, ikagoma kuwaka, na hapo ndipo nilipoanza kusoma mifumo endeshi kwa dhati.