ELM327 kwa gari linalozima ukikaribia kusimama: inachoona na isichoona

Gari likitembea vizuri barabarani, kisha likazima pale mguu unapotoka kwenye akseleta na kuingia kwenye breki, mara nyingi haliachi msimbo wowote wa hitilafu. Taa ya injini haiwaki, kifaa kinachomekwa, jibu linakuja kwamba hakuna tatizo. Hapo ndipo wengi wanapokidharau kidude cha ELM327 cha Bluetooth, kile kinachochomekwa kwenye soketi ya OBD2 (mfumo wa kawaida wa kuzungumza na kompyuta ya gari) chini ya usukani. Wanakionea. Kusoma misimbo ni kazi yake ndogo. Thamani yake iko kwenye namba zinazobadilika injini ikiwa inaunguruma.

Kabla ya kununua, usibabaishwe na namba ya toleo. ELM Electronics, waliobuni chipu hii, hawakuwahi kutoa toleo la 1.5, walitoka 1.4 wakaruka hadi 2.0. Kwa hiyo kila kilichoandikwa v1.5 ni nakala, ila nakala hizo mara nyingi hufanya kazi vizuri kuliko vile vidogo vilivyoandikwa v2.1, ambavyo vingi vimepunguzwa amri na hugoma kwenye magari ya zamani. Mwenye iPhone achukue cha Wi-Fi au cha Bluetooth LE, kwani vile vya Bluetooth ya kawaida haviunganishwi na simu hiyo. Jambo jingine: OBD2 ililazimishwa Marekani kuanzia magari ya 1996, na Ulaya kuanzia 2001 kwa magari mapya ya petroli. Magari mengi ya zamani yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani yana soketi ileile ya pini 16 lakini hayazungumzi lugha hiyo. Kifaa kisipoungana hapo, si kibovu.

Kwenye programu ya simu, Torque au Car Scanner, fungua vipimo vinne tu: RPM (mizunguko ya injini kwa dakika), STFT na LTFT (asilimia ya mafuta ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu), na MAP (presha ya hewa kwenye manifoldi) au MAF (kiasi cha hewa inayoingia) kulingana na gari. Nakala hizi hujibu polepole. Ukirundika vipimo kumi, kila kimoja kinachelewa kujisasisha, na ule mshuko wa RPM usiofika hata sekunde moja unakupita. Acha injini ipate joto hadi 85°C au zaidi, washa kurekodi, uendeshe na kusimama mara kadhaa, kisha usome rekodi gari likiwa limeegeshwa.

Anza na RPM na yale marekebisho ya mafuta, STFT na LTFT. Marekebisho yakikaa ndani ya asilimia 5 juu au chini, huku RPM ikishuka hadi 400 au 500 kila unapoachia akseleta kisha ikajikongoja kupanda, mshukiwa wa kwanza ni throto bodi chafu (lango la hewa ya injini, lenye kipepeo kinachofunguka na kufunga), au vali ya sailensi (mzunguko wa injini bila kukanyaga akseleta) kwa magari yaliyo nayo. Kaboni imezunguka ukingo wa kipepeo, hewa ya sailensi haitoshi, na kompyuta inachelewa kuifidia. Safisha kwa dawa ya throto bodi na kitambaa, swichi ikiwa imezimwa. Kipepeo cha umeme usikisukume kwa nguvu, na dawa hiyo usiipulizie kwenye sensa ya MAF, ambayo ina dawa yake.

Hapa ndipo kasoro kubwa ya kifaa hiki inapojitokeza. Baadhi ya magari yakishasafishwa throto, sailensi inapanda kupita kiasi au gari linazidi kuzima mpaka kompyuta ifundishwe upya. ELM327 na programu za kawaida haziwezi kazi hiyo kwa magari mengi. Itabidi ufuate utaratibu wa mtengenezaji wa gari, ama utafute skana inayoweza kutuma amri.

LTFT ikiwa +15 hadi +25 kwenye sailensi, kisha ikashuka karibu na sifuri ukishikilia RPM 2500, kuna hewa inaingia bila kupimwa. Tundu ni lilelile, lakini kwenye sailensi injini inavuta hewa kidogo, hivyo hewa ya wizi inakuwa sehemu kubwa. Injini ikivuta nyingi, haionekani. Kanuni hii ni ya magari ya MAF. Yale ya MAP tu huiona hewa hiyo kama ongezeko la presha, na dalili yake huwa zaidi sailensi kupanda.

Jaribio ambalo mafundi wengi hulisahau ni la busta ya breki, inayotumia vakyumu ya injini kulainisha pedali. Gari limeegeshwa, injini inaunguruma, kanyaga breki na ushikilie. STFT ikiruka juu kila ukikanyaga, na ukisikia mfoko wa hewa karibu na pedali, kiwambo cha busta kimepasuka. Bana mpira wa vakyumu unaokwenda kwenye busta na urudie. Namba zikitulia, umepata jibu. Usiliendeshe gari likiwa limebanwa hivyo; breki zitakuwa ngumu mno.

MAP ya sailensi kwa injini isiyo na hitilafu huwa takriban kPa 25 hadi 40 karibu na usawa wa bahari. Ikipita 50 huku injini ikitetemeka, angalia vali ya EGR (inayorudisha moshi wa ekzosi kwenye injini) iliyokwama wazi. Likizima zaidi baada ya kujaza mafuta, na STFT ikazama upande wa hasi, ni vali ya mvuke wa tangi.

Kwa gari la oto ongeza kipimo cha spidi. RPM ikishuka sambamba na spidi hadi injini kufa, weka gia ya N kabla ya kusimama. Lisipozima, klachi ya ndani ya tokyu konveta (kiunganishi cha injini na gia) haiachii, na magurudumu yanaiburuta injini. Msimbo P0742, wa klachi hiyo kukwama, unaweza kuwapo, ila usiusubiri. Kusafisha throto hakutasaidia chochote hapo.

Presha ya pampu ya mafuta haionekani kwa magari mengi ya sindano za kawaida, inahitaji geji. Udhaifu wa koili ya cheche pia hauonekani moja kwa moja.

Kama kuna msimbo, soma kwanza data iliyogandishwa wakati hitilafu ilipotokea. Ukifuta, inapotea, na kwa magari mengi LTFT iliyojifunza hupotea nayo, ndipo wiki nzima ya ushahidi inapokwenda. Ukimaliza, chomoa kifaa: pini 16 ina umeme wa betri muda wote, hata swichi ikiwa imezimwa.