Kidumbaki juu ya paa: uzoefu wangu na maiki wazi ya Mji Mkongwe

Sanduku lilikwama kwenye ngazi. Hilo ndilo la kwanza ninalokumbuka. Ngazi za nyumba za Mji Mkongwe zinajulikana, nyembamba na zimesimama kama mnazi, nasi, kikundi cha kidumbaki, muziki wa kuchezwa harusini, tulikuwa tunapandisha sanduku la chai lililogeuzwa besi mpaka paa la ghorofa ya tatu, huku wageni wanaoshuka wametubana ukutani wakisema pole, pole.

Tuko watano. Mimi napiga fidla. Mzee wetu, mstaafu wa bandarini, ndiye mwenye sanduku: fimbo moja, uzi mmoja, na besi inayokuingia tumboni. Mmoja anapiga dumbaki zote mbili, vile vingoma vidogo, mwingine anatikisa cherewa, yaani manyanga, na mwimbaji wetu huimba huku anagonga vijiti vya mkwasa. Tunapiga harusini, majirani wakituita. Mwaka huu tukasikia kuna mkahawa unaoweka maiki wazi kila Jumanne baada ya Isha: unafika, unaandika jina daftarini, unangoja zamu, unapanda. Jina la mkahawa silitaji. Nina ya kuusifu na ya kuulalamikia, na mwenye mkahawa tunasali naye safu moja.

Kwa nini pale na si kwengine? Hawauzi pombe. Mwimbaji wetu asingekanyaga panapouzwa, na mama yake asingemruhusu. Kiingilio hakuna, ila utaonekana wa ajabu ukikaa saa tatu bila kuagiza kitu. Juisi ya ukwaju ni shilingi 5,000, ghali ukilinganisha na ya barazani, lakini inatoka na barafu ya kweli na upepo wa bahari ni bure.

Sasa niseme tatizo. Kila mtu anapewa dakika 10. Kwa kijana na gitaa lake, au kwa mghani shairi, zinatosha na kubaki. Kidumbaki dakika 10 ndiyo kwanza kinapasha. Nyimbo zake hazikatwi, mmoja unazaa mwengine, mwendo unapanda kidogo kidogo mpaka watu wenyewe wamejikuta wima. Harusini naweza kwenda saa nzima sijashusha upinde. Mara ya kwanza tulipopanda, mwendo ulikuwa umeanza kukolea, nikaona mkono wa mshereheshaji unanionesha saa. Nikakata. Tukapigiwa makofi ya heshima, yale ya watu waliokaa.

Na mitambo ndiyo ilitumaliza. Fundi mitambo ni kijana mzuri, ana subira, lakini alilizunguka lile sanduku mara mbili kama anakagua gari bovu.

“Ami, hili nalo nilitie maiki wapi?”

“Litie mbali nami, mwanangu,” mzee akamjibu.

Hakusikia, au alidhani mzaha. Akalielekezea maiki chini, spika zikapiga mbinja, besi ikageuka ngurumo, na fidla yangu ikamezwa. Dumbaki nazo zilikuwa zimelegea kwa unyevu wa usiku. Ngozi inataka moto, na moto juu ya paa lenye makuti hauwashwi. Tulishuka tumenyong'onyea. Mgeni mmoja aliniuliza kwa upole kama hiyo ndiyo taarabu. Nikamwambia ni jamaa yake. Taarabu ya vikundi vikubwa, Nadi Ikhwan Safaa ya tangu 1905 au Culture Musical Club ya 1958, unaikalia kitini: ala za nyuzi za kanuni na udi, akordioni, fidla zimejipanga safu, na msikilizaji anatulia. Kidumbaki ni mdogo wake mtundu. Huazima nyimbo za mkubwa, kisha huzitia kiuno.

Mara ya pili tulikwenda na masharti yetu, na hapa naupa mkahawa haki yao: walitusikiliza. Tuliomba tuandikwe wa mwisho, ili dakika zisimdhulumu mtu. Tukaomba maiki moja tu, ya mwimbaji. Jukwaa tukaliacha, tukakaa chini katikati ya meza, na dumbaki tulizipasha moto jikoni kabla ya kupanda. Wanawake wa jikoni walitucheka sana kuona ngoma zinawekwa karibu na chungu cha pweza.

Tukaanza na wimbo wa zamani wa harusini, wa mafumbo. Wageni wakawa wanatikisa vichwa, wanapiga picha. Mwimbaji alipofika kwenye beti la tatu, lile ambalo kwa nje linazungumzia samaki na kumbe si samaki, kukasikika kigelegele nyuma yao. Wapishi wametoka, mmoja bado ana mwiko mkononi. Wageni wote wakageuza viti kuangalia jikoni. Yule wa mwiko akaja akicheza mpaka mbele, na noti ya elfu mbili imebanwa kati ya vidole, akamtuza mwimbaji, akarudi kwa madaha yale yale. Baada ya hapo hakuna aliyehitaji kufundishwa. Meza moja ya Wajerumani ilisimama mzima mzima, na kijana wa gitaa aliyetangulia kupanda akachukua cherewa akazitikisa nje ya mwendo kabisa, tukamwacha.

Tulipiga dakika 50. Mshereheshaji alikuwa anacheza, saa hakuiona.

Nina lalamiko moja bado. Kuna kikapu cha bakshishi mlangoni, na mwisho wa usiku kinagawiwa sawa kwa wote waliopanda. Sina tatizo nacho. Lakini mara ya tatu waliingiza humo hata alichotuzwa mwimbaji mkononi, na hilo si sawa. Tunzo ni baina ya aliyetoa na aliyepokea, mara nyingi ina ujumbe wake kabisa, huwezi kuichanganya na sarafu za kikapuni. Tulisema, wakarudisha. Mara ya nne hawakurudia.

Kwa anayetaka kujaribu: fika kabla ya saa mbili usiku, daftari linajaa upesi, hasa msimu wa tamasha la muziki la Sauti za Busara, Februari, wanamuziki wakiwa wamejaa mjini. Ramadhani wanafunga. Mwenye gitaa au udi atahudumiwa vizuri bila kuomba chochote. Mwenye ngoma aombe mwisho, na ajuane na jikoni.

Sanduku hatulipandishi tena. Wale wanawake walijitolea kulihifadhi, limefunikwa kanga pembeni ya jokofu. Jumanne iliyopita mzee alilikuta limewekewa sinia la maandazi juu, na uzi umelegezwa. Anasema kuna mtu huwa analipiga mchana.